VUMBI LA NAIVASHA LAFIKA MTAWANYA

Kuna mchezo uliokufa mbele ya macho yetu, matanga yake yakakaliwa na kuondolewa, kisha ukafufuka. Nao ni mashindano ya motokaa ya Safari Rally. Mwaka 2002 yalikimbiwa kwa mara ya mwisho yakihesabiwa katika ubingwa wa dunia, na mshindi akawa Colin McRae wa Scotland. Baada ya hapo yakafutwa katika orodha ya wakubwa. Ikapita miaka 19. Mwezi Juni 2021 yakarudi, na tangu hapo vumbi la Naivasha limeonekana mbali kuliko lilivyopata kuonekana hata katika siku zake za fahari, kwa kuwa sasa haliishii machoni pa wale waliosimama kando ya njia. Limefika Ulaya na Japani. Limefika pia katika kata ya Mtawanya, wilayani Kibiti.

Huenda msomaji akashangaa kuliona jambo hili katika ukurasa huu, mahali alipozoea kusoma habari za mishahara, bei ya korosho na ubovu wa madaraja. Atasema: motokaa za mashindano ni mchezo wa matajiri, sisi wapanda daladala yatuhusu nini? Swali hilo ni la haki na hatutalikwepa. Tunamwomba tu atuvumilie kidogo, kwa maana habari ya jinsi mchezo huu ulivyokufa na jinsi ulivyofufuliwa ni habari ya uongozi na ya mawasiliano, na mambo hayo mawili hayajapata kuwa mali ya matajiri peke yao.

Mashindano haya yalianza mwaka 1953, mwishoni mwa Mei, yakaitwa Safari ya Kutawazwa, kwa heshima ya Malkia Elizabeth wa Pili aliyekuwa akivishwa taji London siku zile. Jina lilikuwa la kikoloni, na waliokimbia walikuwa watu wa makoloni wenye motokaa zao. Lakini njia zilikuwa zetu. Ziliunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, zikapita katika tope la masika na vumbi la kiangazi, na wenye njia ndio waliokuwa watazamaji. Mwaka 1960 jina la kutawazwa likaachwa, yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Na ni vyema kukumbuka kwamba hakuna aliyehitaji tikiti kuyaona. Mkulima aliacha jembe, mwanafunzi alichelewa shule, mama alisimama na mtoto mgongoni, wote wakingoja mlio ule unaotangulia motokaa. Na motokaa iliponasa topeni, wale wale watazamaji ndio waliovua viatu na kuisukuma. Dereva aliondoka na kikombe; wao waliondoka na tope hadi magotini na habari ya kuwasimulia wajukuu.

Ugumu wa mashindano yale haukuwa wa kuigiza. Mwaka 1963 zilianza motokaa zaidi ya 80, zikafika mwisho saba tu. Mwaka 1968 ikawa vivyo hivyo: saba. Na katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, kikombe kilikuja kwetu Tanzania, kwa mkono wa Bert Shankland, Mskoti wa kuzaliwa aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Dar es Salaam, naye pia katika Peugeot 404. Twasema hivi kwa sababu tumewauliza vijana wengi wapenzi wa mchezo huu, na hatukupata hata mmoja aliyejua kwamba Safari iliwahi kushindwa na motokaa kutoka Dar es Salaam, tena mara mbili mfululizo.

Wakenya hawakusahau mashujaa wao. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, akaitwa Simba wa Kenya. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: kwanza mwaka 1973, Safari ilipoingizwa katika ubingwa wa dunia, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ian Duncan alishinda mwaka 1994, na tangu hapo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda Safari ikiwa ni sehemu ya ubingwa wa dunia.

Mchezo ulianzaje kufa? Si kwa siku moja. Kwanza ulikatwa mikono. Katika miaka ya 1970 siasa za jirani zetu na zetu wenyewe ziliharibika. Uganda iliangukia mikononi mwa Idi Amin, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kwa miaka kadhaa. Njia za mashindano zilikwisha kurudi ndani ya Kenya peke yake. Mpando wa Magara kule Mbulu na milima ya Usambara havikusikia tena mlio ule. Safari ikawa ya taifa moja, nayo iliendelea kuwa kubwa; lakini Watanzania tuliihesabu kama arusi ya jirani, ambayo mtu husikia ngoma yake usiku asijue wanacheza nini.

Kisha ikaja gharama. Mashindano mengine ya dunia yalifupishwa, yakakimbiwa katika njia zilizofungwa, kwa siku chache, karibu na kambi moja ya mafundi. Safari ilibaki kama mzee asiyetaka kubadili kanzu: barabara wazi, mabasi na ng'ombe njiani, helikopta zikiruka mbele ya motokaa ili kumwonya dereva, na makundi ya mafundi yakitawanywa nchi nzima. Wazungu wenye viwanda waliipenda, lakini waliona bei yake. Wenyeji nao walipungukiwa fedha, na uongozi ukapungukiwa mpango. Mwaka 2002 ukawa mwisho.

Lakini ni kosa kudhani kwamba Afrika peke yake ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Mchezo wenyewe ulikuwa ukiugua duniani kote. Mwishoni mwa mwaka 2011 kampuni iliyokuwa na haki ya kuutangaza ubingwa wa dunia iliangushwa na kufilisika kwa wenye mali yake, na mwaka 2012 ukakimbiwa bila mtangazaji rasmi, hata mtu aliyetaka kuona picha za mashindano alizitafuta kwa kubahatisha. Hapo ndipo ukaingia uongozi mpya. Kuanzia 2013 haki zikakabidhiwa kampuni mpya yenye mizizi Austria na Ujerumani, na mwaka 2018 kampuni hiyo ikafanya jambo ambalo wazee wa mchezo waliliona haliwezekani: ikaanza kuonyesha kila hatua ya kila mashindano, moja kwa moja kwa njia ya mtandao.

Ili msomaji aone ukubwa wa jambo hilo, na afikiri kidogo. Mpira wa miguu una kiwanja kimoja. Weka mitambo minne ya picha, umekwisha. Mashindano ya motokaa ya namna hii yana kiwanja kirefu kama toka Kibiti hadi mtoni Rufiji, chenye makorongo, misitu na milima inayozuia mawimbi, na wachezaji hawaonani, maana huondoka mmoja mmoja kwa kupishana dakika kadhaa. Kwa miaka mingi mtazamaji aliyesimama kwenye kona aliona kila motokaa kwa sekunde tatu, akala vumbi, asijue nani anaongoza. Dawa iliyopatikana ni kufunga mitambo midogo ya picha ndani ya kila motokaa ya wakubwa, kurusha helikopta juu yao, na kuweka ndege nyingine juu kabisa izungukezunguke ikipokea picha kutoka ardhini na kuzirudisha kambini, ambako huchanganywa na hesabu ya muda na kutumwa ulimwenguni. Kwa mara ya kwanza mtu anaweza kuifuata motokaa kutoka mwanzo wa hatua hadi mwisho, amsikie mwongoza njia akisoma kona, na aone kwa sekunde nani anapata na nani anapoteza. Mchezo uliokuwa hausomeki ukasomeka.

Wenzao wa Formula 1 walipita njia hiyo hiyo, nao ni mfano mwema kwa yeyote atakaye kujifunza. Kwa muda wa miaka 40 hivi mchezo ule ulishikwa na mtu mmoja, Bernie Ecclestone, mjuzi wa biashara asiye na mfano, lakini mtandao hakuuthamini. Mwaka 2014 alieleza hadharani kwamba hakuona haja ya kuwahangaikia vijana, kwa kuwa hawana uwezo wa kununua bidhaa za wadhamini wake. Afadhali mzee mwenye fedha. Mwezi Januari 2017 kampuni ya Marekani iitwayo Liberty Media ikaununua mchezo na kumwondoa. Mwaka 2018 ikaanzisha matangazo yake ya mtandaoni, na mwaka 2019 ikaonyeshwa mfululizo wa filamu za Netflix kuhusu madereva, maisha yao na magomvi yao. Wale vijana waliodharauliwa ndio waliojaza viwanja vya Marekani. Hatusemi Liberty Media ni wafadhili wa maskini. Ni wafanya biashara, na hesabu yao ni ya faida. Tunasema tu kwamba kiongozi aliyemdharau mtu asiye na fedha alishindwa hata katika biashara yake mwenyewe, na jambo hili linatufurahisha kidogo.

Sasa turudi Kenya. Ufufuo wa Safari haukuletwa na ndege na mitambo peke yake. Uliletwa pia na watu walioamua. Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliweka nguvu zake, na shirikisho la mchezo huo nchini Kenya, chini ya Phineas Kimathi, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa dereva wa mashindano, likachukua kazi isiyopendeza: kukaa na wakaguzi, kupima njia, kufundisha wasimamizi, kujaza makaratasi. Mwaka 2019 Safari ilikimbiwa kama mtihani, ikiwa katika ubingwa wa Afrika, wakaguzi wa dunia wakitazama. Ikafaulu, ikapewa nafasi ya 2020. Maradhi ya Korona yakaifuta. Wengi wangekata tamaa. Hawakukata.

Waliacha ya kale yaliyostahili kuachwa. Ile njia ya maelfu ya kilomita katika barabara wazi haikurudi. Mwaka 2021 hatua 18 zilikuwa na jumla ya kilomita 320 hivi, karibu zote zikizunguka Naivasha, Nakuru na ziwa Elmenteita, katika njia zilizofungwa. Wazee wengine walinung'unika kwamba hiyo siyo Safari. Nasi tulikuwa miongoni mwa waliosita. Lakini vumbi la Kedong, lile laini kama unga wa muhogo, likawafundisha adabu waliodhani Afrika imekuwa rahisi. Mbelgiji Thierry Neuville aliongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, akavunjikiwa na shokapu katika hatua ya Loldia, na ushindi ukamwangukia Mfaransa Sébastien Ogier. Nyuma yake akaja Mjapani Takamoto Katsuta, aliyekuwa hajapata kupanda jukwaa la washindi watatu. Mwaka 2022 na 2023 Toyota ilichukua nafasi zote nne za kwanza, mshindi akiwa Kalle Rovanperä wa Finland kisha Ogier tena. 2024 akashinda Rovanperä, na 2025 Elfyn Evans wa Wales. Na kuna jambo ambalo hatupendi lipite kimya: mwaka 2022, katika daraja la tatu la mashindano hayo, WRC3, aliyeshinda ni binti wa Kenya, Maxine Wahome. Alikuwa mmoja wa vijana waliopewa usukani wa motokaa za daraja hilo ili waonekane.

Waonekane, neno hilo ndilo kiini. Katika siku za Joginder kijana hodari wa Afrika Mashariki aliweza kushinda kila mtu na bado dunia ikamjua kwa picha moja gazetini. Leo binti wa Nairobi akipita kona vizuri, mtu aliye Finland anamwona papo hapo na kuuliza jina lake.

Haya yameonwa hata Mtawanya. Mwezi Machi 2025, mashindano yalipokimbiwa tarehe 20 hadi 23, ilikuwa Ramadhani, na mchana wa Rufiji wakati wa mfungo ni mrefu. Tuliwakuta vijana saba au wanane chini ya mkorosho, si mbali na mahali wanapoegesha pikipiki za abiria, wakiwa na simu moja iliyosimamishwa juu ya kibao kwa kuegemezwa jiwe. Wamechanga fedha za bando. Mwenye simu hakuwa mwenye bando, na mwenye bando hakuwa mwenye benchi; kila mmoja alitoa alicho nacho, na ubishi wakautoa wote. Mmoja ni fundi wa pikipiki, na tulisikia akieleza kwa nini dereva fulani ameingia kona akiwa amechelewa kushika breki, kwa maneno ambayo mtangazaji wa Kiingereza hakuyasema, na baada ya dakika moja muda wa hatua ukatoka na kumwonyesha fundi kuwa kweli. Tukamwuliza amejifunza wapi. Akajibu kwamba barabara ya Ndundu kwenda Somanga, kabla haijatiwa lami, ilimfundisha kila mtu.

Ni kweli. Watu wa upande huu wa Pwani wanaijua barabara mbaya kama mvuvi anavyojua maji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto ulivukwa kwa kivuko, na baada ya mto zile kilomita 60 za kwenda Somanga zilimeza malori wakati wa masika kama mamba anavyomeza. Madereva wa korosho wa zama zile walikuwa wakikimbia Safari kila mwaka bila kikombe wala mdhamini. Na mwaka 2024 mafuriko ya Aprili yalipofunika bonde la Rufiji, na kimbunga Hidaya kikaikata tena barabara ya kusini mwezi Mei, tulikumbushwa kwamba elimu hiyo haijapitwa na wakati.

Lakini pale chini ya mkorosho tuliona pia mambo mawili yaliyotukera, na ndiyo sababu hasa ya makala haya.

La kwanza ni hili. Vijana wale hawakuwa wakitazama mashindano mazima. Walikuwa wakitazama vipande vya dakika moja, mbili, vinavyotolewa bure, wakiviunga wenyewe kwa akili kama mtu anayesoma gazeti lililofungiwa vitumbua. Matangazo kamili hulipiwa ada ya mwezi, nayo ni fedha ambayo mwendesha pikipiki wa Mtawanya hawezi kuitoa kwa ajili ya kutazama. Tulimwuliza mwenye kibanda umiza kilicho jirani kwa nini hawaonyeshi. Akatuambia kwamba mpira wa Ulaya unamlipia umeme, na hayo mambo ya vumbi hana hakika nayo. Basi tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Zama za tope, tajiri alilipa kukimbia na maskini alitazama bure. Zama za mtandao, maskini naye ameombwa alipe. Kenya wana ahueni, maana shirika lao la utangazaji, KBC, limewaonyesha wananchi. Mpaka haukufungwa kwa picha kama ulivyofungwa kwa motokaa mwaka 1977, lakini ulivuka kwa shida.

Wale wasimamizi wapya wa mchezo hujivunia hesabu ya watazamaji. Nasi twawapa heshima yao. Lakini hesabu hiyo humhesabu mtu aliyegusa simu kwa sekunde chache sawasawa na yule aliyekaa saa sita juani; na mchezo ukijengwa juu ya wale wa sekunde chache, utaondoka nao wakiondoka. Mizizi ya Safari ni watu wa njiani. Lugha ya watu hao, toka Nakuru hata Kibiti hata Bukavu, ni Kiswahili, na katika matangazo yale ya kulipia hatukusikia Kiswahili isipokuwa salamu za kuwafurahisha wageni. Redio zetu zimekuwa zikitangaza mpira kwa Kiswahili kwa ufasaha ambao hufanya hata asiyejua mpira asimame. Tunaona mtangazaji wa Kiswahili katika kila Safari lingekuwa jambo rahisi na la bei ndogo kuliko tairi moja la zile motokaa.

La pili lilitukera zaidi, kwa kuwa linatuhusu sisi wenyewe. Vijana wale walimjua Rovanperä, wakajua kwamba ni mtoto wa dereva, na kwamba alipata ubingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 22. Walijua rangi ya kofia ya Evans. Tukawauliza: bingwa wa Tanzania ni nani? Wakatazamana. Mmoja akataja jina la mtu aliyeacha kukimbia zamani. Wala hatuwalaumu. Mashindano ya motokaa yapo nchini mwetu. Tanzania imekuwa na mzunguko wake katika ubingwa wa Afrika, na Iringa, Morogoro, Tanga na Arusha zinajua mlio ule. Tuna chama cha magari kinachotambuliwa na shirikisho la dunia. Lakini habari hufika Kibiti baada ya mshindi kwisha kuoga na kulala, nayo huja kwa picha mbili na orodha ya wadhamini.

Hapa ndipo tunapolirudia swali la msomaji wetu, kwamba mchezo huu ni wa matajiri. Hatutamdanganya. Motokaa ya daraja la Rally3, ile aliyoshindia Maxine Wahome, bei yake ilipotoka mpya ilikaribia euro 100,000. Hakuna mtoto wa mkulima wa korosho atakayeinunua, na mtu akisema kwamba mtandao peke yake utauleta mchezo huu mikononi mwa wafanyakazi, huyo anauza bando. Tena hatudai hata shilingi moja ya serikali iende katika mashindano ya anasa wakati madaraja ya Somanga yanahitaji nguzo. Wananchi wa Kenya wenyewe wamekuwa wakiuliza kiasi gani cha kodi yao kinaingia Naivasha na kiasi gani kinarudi, na ni haki yao kujibiwa kwa tarakimu badala ya ngoma.

Tunachodai ni kidogo, na hakihitaji Hazina. Mtawanya haina motokaa za mashindano, lakini ina pikipiki. Kila asafiriye barabara ya Kilwa baada ya magharibi anajua kwamba vijana hushindana juu ya lami, bila kofia, katikati ya malori ya saruji yatokayo Mtwara. Wameona katika simu jinsi mtu anavyolala kwenye kona, nao wanajaribu mahali ambapo kosa moja ni jeneza. Twaomba wazazi wasijidanganye: simu haitafungwa, wala kona haitaacha kuonekana. Swali lililobaki ni kama kijana atajaribu barabarani au mahali palipotengwa, penye mzee wa kupima muda, sheria ya kofia, na mtu wa huduma ya kwanza. Ardhi ya mchanga iliyo nje ya barabara kuu ipo, na mwezi wa Septemba huwa imekauka vya kutosha. Chama cha magari kinao watu wanaojua kuandaa njia, kuweka alama na kuwafukuza watazamaji waliosimama upande wa nje wa kona, jambo ambalo huokoa roho za watu kuliko jingine lolote katika mchezo huu. Waje Kibiti siku mbili. Wafundishe wasimamizi kumi.

Na picha? Hapana haja ya ndege juu ya mawingu. Njia ya kilomita tatu, yenye vijana sita wenye simu wamesimama mahali pa salama, na mmoja wa kusoma muda kwa Kiswahili, inatosha kuonyeshwa moja kwa moja katika mtandao bila ada, na mtu wa Mafia aliyekwama Nyamisati akingoja boti angeitazama. Haya si maneno ya ndoto. Vijana wa mchangani wanafanya hivyo kwa mpira wa ndondo kila Jumamosi, tena wakiwa na watangazaji wawili wanaogombana.

Kuhusu uongozi, tungependa kusema neno moja bila kuzunguka. Mchezo wa motokaa Tanzania umekaa muda mrefu mikononi mwa jamaa wachache wanaofahamiana, wenye karakana, wenye fedha zao na mapenzi ya kweli kwa mchezo. Bila wao usingekuwako, na hatuungi mkono wale wanaowabeza. Lakini mtu aweza kuupenda mchezo hata akaufunga ndani kama mke wa mivumo. Kalenda na itangazwe mapema na isibadilike kwa simu ya usiku. Wanachama na wawe zaidi ya wale wanaojuana kwa majina ya utani. Na mafundi, wale wanaolala chini ya motokaa usiku kucha ili bosi aendeshe asubuhi, na wapewe sauti katika mikutano, kwa kuwa wao ndio walio wengi katika kambi.

Mkataba wa Safari na ubingwa wa dunia, uliotangazwa mwaka 2021, ulihesabiwa hadi 2026. Rwanda nayo, mwezi Desemba 2024, ilitangaza mbele ya mkutano wa shirikisho la dunia uliofanyika Kigali kwamba inataka kuandaa Formula 1, mchezo ambao haujakimbiwa Afrika tangu Kyalami mwaka 1993. Majirani wanasogea mbele. Sisi tulio na historia ya Shankland, na milima ya Usambara, na Magara, tunaweza angalau kuanza kwa pikipiki kumi na simu sita.

Tulipoondoka Mtawanya yule fundi alitufuata hadi kwenye gari. Hakutaka kujua lolote kuhusu uongozi. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba zile shokapu za Toyota hubadilishwa kambini kila baada ya hatua kadhaa, na zile zilizotolewa hupelekwa wapi.